Karatasi ya bitkoini ya mwaka 2017: nitaihamishaje kwenye simu bila kuipoteza?

*"Mwaka 2017 mpwa wangu alikuwa na deni langu la shilingi 80,000. Hakuwa na pesa taslimu, akanipa karatasi aliyoichapisha nyumbani kwake, yenye alama mbili za mraba za kuskani. Chini ya moja kuna maandishi yanayoanza na 1, chini ya nyingine yanaanza na herufi L. Akaniambia hiyo ni bitkoini, niitunze vizuri. Nikaenda saiba wakaiwekea plastiki na kunitolea kopi moja, nikaifungia pamoja na hati ya shamba. Sasa Januari nina karo ya kulipa, na nasikia bei imepanda. Mwanangu ananiambia nipakue programu ya pochi, niipige karatasi picha, pesa ziingie kwenye simu. Fundi mmoja wa Luthuli Avenue amesema atanihamishia kwa asilimia 10. Mimi nilitaka kuhamisha nusu tu, nusu ibaki kwenye karatasi kama akiba. Tena hapa mjini simu hunyakuliwa kila siku. Ikiibiwa, nikibadilisha laini nitazipata pesa zangu kama za M-Pesa? Nifanyeje?"*

Dada yangu, nianze na majibu mafupi, kisha nikueleze sababu, kwa kuwa usipozijua sababu, mtu wa kwanza mwenye maneno matamu atakugeuza nia. Karatasi usimpe fundi. Usiipige picha. Usihamishe nusu. Na kubadilisha laini hakutakurudishia chochote. Lakini kazi yenyewe inawezekana, na mnaweza kuifanya wewe na mwanao mkiwa nyumbani kwa jioni moja, mradi mfuate mpangilio.

Kwanza tuielewe hiyo karatasi. Wengi huamini kuwa bitkoini zimo ndani yake, na kwamba kuhamisha ni kuzitoa humo na kuzitia kwenye simu. Sivyo. Bitkoini zote ziko kwenye daftari moja la umma, linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani kote kwa wakati mmoja. Haya maandishi yako yanayoanza na 1 ni anwani, yaani mahali katika daftari hilo ambapo mpwa wako aliandikisha kiasi alichokupa. Yale yanayoanza na L ni ufunguo wa siri, na huo ndio unaoruhusu kilichoandikwa kwenye anwani hiyo kipelekwe kwingine. Mtandao hauulizi kitambulisho, hauulizi jina, haujui kuwa wewe ndiwe uliyepewa. Unauliza ufunguo tu. Kwa hiyo karatasi yako ni kama ile kadi ya kukwangua ya salio: aliyeziona namba na kuziingiza kwanza ndiye anayepata, na mwenye duka hana la kukusaidia.

Ukishaelewa hilo, la fundi linajijibu. Anapokuomba asilimia 10, anaomba kwanza umwonyeshe asilimia 100. Huenda ni mtu mwaminifu kabisa, na mafundi wa Luthuli Avenue wengi ninaowajua wanafanya kazi yao kwa heshima. Ila simu na kompyuta anazotumia hupitiwa na watu wengi na programu za kila aina, na ufunguo ukishaingia humo hakuna awezaye kukuhakikishia kuwa umetoka.

La picha ni hivyo hivyo, na hapa namwambia mwanao bila kumlaumu, kwa sababu wazo lake la kuskani ni sahihi. Kuskani ukiwa ndani ya programu ya pochi, yaani programu inayotunza funguo zako kwenye simu, ni jambo moja: kamera inasoma ile alama, programu inachukua herufi, na picha haihifadhiwi. Kupiga picha kwa kamera ya kawaida ni jambo jingine. Picha inakaa kwenye simu, na kwenye simu nyingi za Android inajipandisha yenyewe hadi Google Photos bila wewe kugusa kitu. Ukiituma kwa WhatsApp, nakala zinazidi. Kuanzia hapo, mtu yeyote atakayeingia kwenye akaunti yako ya barua pepe ameingia pia kwenye kabati lako lenye hati ya shamba.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, na ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Ni watu wangapi wameshauona ufunguo huo? Mpwa wako ndiye aliyeutengeneza, kwa hiyo ulikuwa kwenye kompyuta yake kabla haujafika kwenye karatasi. Printa iliuchapa. Mhudumu wa saiba aliushika, na mashine ya kutolea kopi, hasa zile kubwa za ofisini, huweza kuwa na diski inayohifadhi kilichopita. Kopi yenyewe ina nguvu sawasawa na karatasi ya kwanza. Hakuna asili na nakala katika jambo hili. Simshuku mpwa wako. Huenda faili ilibaki kwenye kompyuta aliyoiuza zamani, na yeye mwenyewe hana habari. Tena karatasi nyingi za namna hii zilitengenezwa kwa kutumia tovuti, na si tovuti zote zilikuwa salama. Mei 2019 watafiti wa MyCrypto, kampuni ya pochi za sarafu za kidijitali, walitangaza kuwa mojawapo ya tovuti maarufu, WalletGenerator.net, ilikuwa imebadilishwa kwa namna iliyoweza kuwapa watu tofauti ufunguo ule ule, wakawashauri wote waliotengeneza karatasi zao humo baada ya tarehe 17 Agosti 2018 wahamishe mali yao mara moja. Yako ni ya kabla ya hapo, lakini unaona kwa nini nasema ufunguo ulioutengenezewa na mwingine ni wa kuachana nao.

Na hapo ndipo penye tofauti ambayo watu wengi huipita bila kuiona. Programu za pochi zina njia mbili za kushughulikia karatasi. Ya kwanza ni kuingiza ufunguo: programu inausoma ufunguo wa zamani na kuutumia kama ulivyo. Unafungua simu, unaona salio, unafurahi. Lakini hakuna kilichohama. Bitkoini ziko kwenye anwani ile ile inayoanza na 1, na kila mwenye ufunguo ule bado anaweza kuzichukua, iwe ni mwenye kopi, mwenye kompyuta ya zamani au mwizi wa hati yako ya shamba. Njia ya pili ni kukomba: unatumia ufunguo wa zamani mara moja tu, kutuma kila kilichopo kwenye anwani mpya ambayo ufunguo wake umezaliwa ndani ya simu yako na haujawahi kuonekana na mtu. Hapo ndipo umehama. Karatasi inabaki bila kitu, na anayeishika ameshika plastiki tu. Unachokitaka wewe ni kukomba.

Ndiyo maana pia nusu haifai. Bitkoini hazikatwi kama unavyodhani. Kama mpwa wako alikutumia mara moja, kile kiasi kipo kwenye daftari kama noti moja nzima; ukitaka kutuma sehemu, noti nzima inatoka na kinachobaki kinarudi kama chenji. Swali ni chenji inarudi wapi, na jibu lake linategemea programu. Nyingine huirudisha kwenye anwani ile ile ya karatasi, nyingine huipeleka kwenye anwani mpya inayomilikiwa na programu yenyewe. Kuna watu waliotuma kidogo kutoka kwenye karatasi, wakafuta programu wakiamini kilichobaki kipo kwenye karatasi, kumbe chenji ilikwenda kwenye anwani nyingine na wao hawakuwa wamehifadhi maneno ya kuifungulia. Na hata chenji ikirudi salama, ufunguo wako umeshapita kwenye simu yenye intaneti, kwa hiyo ile karatasi si akiba ya siri tena. Hamisha zote. Ukishazihamisha, nusu ya akiba tutaitafutia mahali pake.

Kuhusu laini na wizi wa simu: M-Pesa ina kampuni nyuma yake. Kampuni inajua jina lako, nambari yako na salio lako, ndiyo maana ukibadilisha laini unakuta pesa zipo. Pochi ya bitkoini unayoimiliki mwenyewe haina uhusiano wowote na laini. Hilo lina uzuri wake, kwa sababu wale matapeli wanaojibadilishia laini za watu hawawezi kukuibia pochi hiyo kwa njia hiyo. Lakini maana yake ni kwamba hakuna huduma kwa wateja ya kupigia. Kinachokuokoa simu ikinyakuliwa pale dirishani mwa matatu ni maneno 12 ambayo programu hukuonyesha unapofungua pochi mpya. Ni maneno ya kawaida ya Kiingereza, yanayotoka kwenye orodha maalumu ya maneno 2,048, na kwa mpangilio wake yanazaa funguo zako zote. Ukiyaingiza kwenye simu nyingine hata Kisumu au Mombasa, pochi inarudi kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo, na hili nakuomba ulishike kwa nguvu, hutaepuka karatasi. Unabadilisha karatasi iliyoonwa na watu kwa karatasi uliyoiandika mwenyewe kwa kalamu. Simu ni ya kutumia tu. Mali yako itategemea yale maneno 12.

Kabla ya kugusa ufunguo, hakikisha kuna kitu cha kuhamisha. Chukua ile anwani inayoanza na 1 peke yake na uiandike kwenye mempool.space, tovuti inayosoma lile daftari la umma. Hakuna hatari, anwani inaonyesha tu kilichomo, haifungui. Utaona kiasi, tarehe kilipoingia, na kiliingia mara ngapi. Ukikuta sifuri na muamala uliotoka, kuna mtu alishachukua, na hakuna programu itakayozirudisha. Afadhali uyajue hayo leo.

Angalia pia ufunguo wenyewe. Unaoanza na K au L una herufi na tarakimu 52, na unaoanza na 5 una 51. Zote mbili husomwa moja kwa moja. Ungeanza na 6P, ungekuwa umefungwa kwa neno la siri ambalo mpwa wako peke yake angelijua. Wako ni wa L, hauna kufuli.

Sasa programu. Kwa simu ya Android na bitkoini peke yake, mimi huwaelekeza watu kwenye BlueWallet, kwa sababu msimbo wake uko wazi kukaguliwa na inaweza kusoma ufunguo wa karatasi kwa kuskani. Electrum nayo ni ya kuaminika na ya muda mrefu, ila kwa mtu anayeanza ina mambo mengi kwenye skrini. Ipakue kutoka Play Store tu, usifuate kiungo ulichotumiwa na mtu, na soma jina la mtengenezaji, maana pochi bandia zenye nembo zinazofanana zimewahi kupenya hata humo. Simu iwe yako, isiwe ya kuazima wala ya mkono wa pili uliyoinunua wiki iliyopita. Na nikuombe jambo ambalo wengi hawalifikirii: kama simu hiyo ina zile programu za mikopo ya haraka zilizopewa ruhusa ya kusoma kila kitu, au programu yoyote uliyoipakua nje ya Play Store, ziondoe kwanza. Programu yenye ruhusa ya kusoma skrini inaweza kusoma maneno yako 12 yanapoonekana.

Anza kwa kufungua pochi mpya, tupu. Programu itakuonyesha maneno 12. Yaandike kwa kalamu, kwa mpangilio, mahali pawili, kwa hati inayosomeka. Hakuna picha, hakuna skrinshoti, hakuna kujitumia kwa barua pepe. Kisha fungua sehemu ya kupokea, uandike pembeni anwani ya kwanza inayoonekana. Itaanza na bc1. Baada ya hapo fanya jambo linaloonekana kama kupoteza wakati: futa programu nzima, ipakue upya, na uirudishe pochi kwa kuandika yale maneno 12. Anwani ya kwanza ikiwa ni ile ile uliyoandika pembeni, maneno yako ni sahihi. Isipolingana, umekosea mahali, na hujapoteza hata senti kwa sababu pochi bado ni tupu. Jaribio hili ndilo ninalolijali kuliko hatua nyingine zote. Najua mazoea yetu ni kutuma shilingi 10 kwanza kuona kama zitafika, lakini kwa karatasi hutaki kutuma kidogo, kwa sababu ya ile chenji. Kwa hiyo unaijaribu pochi inayopokea, na si karatasi inayotoa.

Hapo ndipo unapotoa karatasi kabatini. Ndani ya programu, chagua kuongeza pochi kwa njia ya kuingiza, uskani ile alama ya L. Plastiki huakisi mwanga, kwa hivyo iinamishe kidogo kando ya dirisha. Usiichane, maana wino hung'oka nayo. Ikikataa kusomeka, andika kwa mkono, na ujue kwamba katika maandishi haya hakuna sifuri, hakuna O kubwa, hakuna I kubwa wala l ndogo, kwa hiyo ukidhani umeiona mojawapo, umesoma vibaya. Ukikosea herufi programu itakataa, kwa kuwa ufunguo una sehemu ndani yake ya kujihakiki. Salio litatokea kama pochi ya pili, mbali na ile mpya. Likitokea sifuri na ulishaona kiasi kwenye mempool.space, usishtuke: huenda programu imetafuta kwenye anwani ya aina nyingine inayozaliwa na ufunguo ule ule. Angalia kama anwani inayoonyeshwa ni ile ya 1 iliyo kwenye karatasi yako.

Kisha tuma salio lote kutoka pochi hiyo ya karatasi kwenda kwenye anwani yako ya bc1. Kuna chaguo la kutuma kila kilichopo. Tumia hilo, usiandike kiasi kwa mkono. Linganisha herufi za mwanzo na za mwisho za anwani kabla ya kuthibitisha, kwa sababu kuna programu hasidi zinazobadilisha anwani uliyonakili.

Ada ya mtandao itakushangaza ukiwa umezoea M-Pesa, kwa kuwa haifuati ukubwa wa pesa. Inafuata ukubwa wa muamala kwa baiti, yaani kipimo cha data. Muamala wako, kama pesa ziliingia mara moja, utakuwa na takribani baiti 190. Ada ikiwa satoshi 5 kwa baiti, unalipa kama satoshi 950, na bitkoini moja ina satoshi milioni 100. Kama mpwa wako alituma vipande vipande, kila kipande kinaongeza karibu baiti 148. Siku mtandao ukifurika, kama ilivyotokea Aprili 20, 2024 malipo ya wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazoongeza kurasa za daftari, yalipopunguzwa nusu, ada hupanda mara nyingi zaidi. Mempool.space inaonyesha ada ya sasa hivi. Ikiwa juu, subiri. Huna haraka ya saa moja.

Ukishatuma, kurasa mpya za daftari huongezwa kwa wastani kila dakika 10, ila wakati mwingine unaweza kungoja saa nzima. Usibonyeze tena, usimpigie mtu. Muamala ukithibitishwa na salio likaonekana kwenye pochi mpya, ifute ile pochi ya karatasi kwenye programu. Weka kufuli kwenye programu, yenye pini isiyo ya M-Pesa na isiyo ya kufungulia simu. Simu ikinyakuliwa, usingoje kuona kama mwizi ataweza: rudisha maneno 12 kwenye simu nyingine siku hiyo hiyo, fungua pochi nyingine mpya, uzitume zote huko.

Nikuulize sasa kwa uaminifu: je, unazihitaji kwenye simu? Lengo lako ni karo, na shule haipokei bitkoini. Kiasi cha karo kina sababu ya kuwa kwenye simu kwa siku chache kabla ya kuuzwa. Ile nusu ya akiba haina sababu. Kama ni kiasi ambacho kukipoteza kungekutikisa, nunua kifaa maalumu cha kuhifadhia funguo, kile kidogo kama flashi, kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, uitume akiba huko. Ukiona gharama yake hailingani na kiasi ulichonacho, fungua pochi ya pili yenye maneno yake 12, tuma akiba huko, kisha ifute kwenye simu ubaki na maneno peke yake, nakala moja nyumbani na nyingine mahali pengine unapopaamini. Si salama kama kifaa, kwa kuwa maneno yalishaonekana kwenye simu, lakini ni bora mara nyingi kuliko akiba yote kuzunguka nawe barabara ya Tom Mboya.

Kwa kuuza, wengi hapa Nairobi huuziana mtu kwa mtu kupitia masoko ya mtandaoni, na mnunuzi hulipa kwa M-Pesa. Usiachilie bitkoini kwa kuona ujumbe mfupi. Ujumbe hughushiwa. Angalia salio lako mwenyewe kwa *334#, na jina la aliyelipa liwe lile lile lililo kwenye akaunti ya mnunuzi. Kukutana mkahawani na mtu usiyemjua, huku umebeba simu yenye karo ya watoto, sikushauri hata kidogo.

Kisheria mambo yamebadilika tangu Desemba 2015, Benki Kuu ya Kenya ilipowaonya wananchi kwamba hawana ulinzi wowote katika biashara hii. Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali ilitiwa saini Oktoba 2025, na inaziweka kampuni hizi chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Una haki ya kuuliza leseni kabla ya kukabidhi chochote. Ile kodi ya asilimia 3 iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2023 iliondolewa mwaka 2025, na mahali pake kukawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada anayokutoza mtoa huduma. Leseni hata hivyo haibadilishi tabia ya daftari: muamala uliothibitishwa haurudishwi na Benki Kuu wala na mahakama.

Kuna hali ambazo nakuomba usijaribu peke yako. Kama herufi za ufunguo zimefutika, usikisie. Herufi moja au mbili zikikosekana, mtaalamu mwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti anaweza kuzitafuta kwa sababu ya ile sehemu ya kujihakiki. Kama kiasi utakachokiona kwenye daftari ni kikubwa kuliko ulivyotarajia, simama, usimwambie mtu, na utafute mshauri kabla ya kuendelea. Na kama karatasi ingekuwa ya marehemu, kwanza ni wakili wa mirathi. Msaada mzuri wa ana kwa ana una sura yake: simu iko mkononi mwako, karatasi iko mkononi mwako, anayekusaidia ameketi mbele yako akikuelekeza kwa mdomo bila kuuona ufunguo wala maneno 12, na malipo yake ni ya muda wake kwa shilingi mliyokubaliana mapema. Mtu akikuomba umtumie ufunguo "auhakiki," ni mwizi, hata akijitambulisha kuwa ni mimi.

Ikitokea umeibiwa, nakili namba ya muamala na anwani zilikokwenda, piga ripoti kituo cha polisi upewe nambari ya OB (ya kitabu cha matukio), kisha uende kwenye kitengo cha uhalifu wa mtandaoni cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, makao makuu Kiambu Road. Nafasi ya kuzipata ni ndogo, ila pesa zikipitia soko lililosajiliwa, ripoti ya mapema inaweza kuzizuia hapo. Baadaye watakutafuta watu wanaosema wanarudisha bitkoini zilizoibiwa kwa ada. Hao nao usiwape kitu.

Jambo la mwisho ni karatasi ya zamani. Usiichome bado. Tarehe 1 Agosti 2017 daftari la bitkoini liligawanyika, na kila aliyekuwa na bitkoini kwenye anwani yake siku hiyo akawa pia na kiasi kile kile cha Bitcoin Cash, sarafu nyingine yenye thamani ndogo zaidi, kwa ufunguo ule ule. Tazama kwenye mempool.space tarehe pesa zako zilipoingia. Kama ni kabla ya hapo, una hizo pia, na unaweza kuzichukua kwa pochi inayozikubali, ila baada tu ya bitkoini zote kuthibitishwa kwenye anwani yako mpya, kwa kuwa utalazimika kuuonyesha ufunguo huo kwa programu nyingine. Kama ziliingia baada ya tarehe hiyo, huna Bitcoin Cash ya kuchukua, na bitkoini zikishathibitishwa kwenye anwani yako mpya, karatasi pamoja na kopi yake unaweza kuzichana siku hiyo hiyo.